Walimu wakuu wa Kigoma, hivi hawa "wadau" wanatupunguzia kazi au wanatuongezea?

#1 Mwalimu wa Mwaloni (mleta uzi), Jumamosi saa 3:12 usiku

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwalimu mkuu, shule ya msingi, Uvinza upande wa ziwani. Kijiji sitaji, mnajua kwa nini.

Wiki hii nimetembea na kidaftari mfukoni, kila ninachofanya naandika. Jumatatu kuna watu wametuletea madawati 30. Madawati mazuri, mbao ngumu, sina neno. Ila mgeni rasmi tuliambiwa saa 4, akaingia saa 8 kasoro. Watoto juani, ngoma imepigwa mpaka ngozi imelegea, risala nimeiandika mimi usiku, soda katoni mbili nimekopa dukani kwa jina langu. Jumanne nimeshinda naandika taarifa ya mapokezi: nakala kwa afisa elimu kata, nakala kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa waliotoa, pamoja na picha ambazo watoto wanatabasamu. Jumatano kikao cha kamati ya shule juu ya chakula, akidi haikutimia, kimeahirishwa. Alhamisi asubuhi UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, mchana watu wa lishe na mizani yao. Ijumaa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, wamekuja kutaka eneo la kupanda miti.

Hisabati Darasa la Sita ni yangu. Wiki nzima nimeingia kipindi kimoja.

Kila semina tunaimbiwa: shirikisha jamii, utapumua. Huu mwaka wa saba nashirikisha. Nauliza kwa nia njema, wenzangu mlipumulia wapi?

#2 Mgebuka Mkavu, saa 3:20 usiku

Pole mkuu. Na leo hilo neno "mkuu" ni la kweli, siyo lile la humu la kuitana wakuu hata wasio na ukuu wa chochote.

#3 Kalamu ya Risasi, saa 3:31 usiku

Naweka kiti hapa, naona povu linakuja.

#4 Mtaaluma Mstaafu, saa 4:02 usiku

Habari za usiku. Nimestaafu, nimefundisha Kibondo na Kigoma Vijijini, kwa hiyo niruhusuni niwe mzee kidogo.

Kijana wangu #1, hilo unaloliona jipya si jipya. MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipoanza 2002 na ada ya msingi ikafutwa, watoto walijaa mpaka tukafundishia chini ya mwembe. Wananchi walifyatua tofali, walisomba mchanga na maji, na aliyekuwa anahesabu tofali ni nani? Mwalimu mkuu. Nilikuwa na daftari la tofali, kitongoji kwa kitongoji. Kitongoji kimoja kilinidai nimewapunja tofali 40 na hadi leo nikipita wananikumbusha.

Tofauti ni kwamba zamani mshirika alikuwa mmoja, kijiji. Mnakubaliana chini ya mti, mnaandika mstari mmoja kwenye daftari, kesho kazi. Siku hizi washirika wako saba na kila mmoja ana logo. Na hela yenyewe ya uendeshaji ni hiyo 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, sasa usipowanyenyekea wadau utanunua chaki na nini?

#5 Hesabu Hazidanganyi, saa 4:15 usiku

Mzee wangu #4 shikamoo. Sahihisho dogo: ruzuku ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Inayoingia akaunti ya shule ndiyo 6,000, ile 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari ni 25,000, nusu kwa nusu.

Shule ya watoto 900 inapata 5,400,000 kwa mwaka, yaani laki nne na nusu kwa mwezi ikija yote. Humo kuna mitihani, ukarabati, karatasi, chaki, michezo. Kwa hiyo hoja yako inasimama palepale, mdau hakimbiliki.

#6 Mtaaluma Mstaafu, saa 4:19 usiku

Marahaba. Nimepokea. Elfu nne sikuwahi kuiona ndiyo maana nimeisahau.

#7 Mama wa Milimani, saa 4:40 usiku

Mimi nitakuwa tofauti na mleta uzi. Niko Kasulu, mwalimu mkuu, mwanamke.

Kabla ya UWAWA kusimama vizuri, utoro nilikuwa naufuata mwenyewe. Jumapili baada ya ibada navaa raba, napanda kilima nashuka kilima, nyumba kwa nyumba. Msimu wa kupanda maharage darasa la watoto 80 linabaki na 35. Nafika kwa mzazi ananiambia "mwalimu kaa ule kwanza", nakula, mtoto hayupo, yuko shambani na baba yake, naondoka na ahadi.

Sasa kila darasa lina wazazi wawili, mama na baba. Mtoto akikosa siku tatu, mwalimu wa darasa anampigia yule mama, anaenda yeye. Yeye ni jirani, hakaribishwi chakula akasahau alichofuata. Jumapili zangu zimerudi. Nimeanza hata kusuka ukili tena.

Lakini nisiwadanganye, miaka miwili ya mwanzo ilikuwa mzigo juu ya mzigo. Wale wazazi walikuwa wanakuja kwangu kuuliza posho, kuuliza fulana, kuuliza nani mkubwa kati yao na kamati ya shule. Mwenyekiti wa kamati alinuna mwezi mzima akidhani nimemtengenezea serikali mbadala. Ningehamishwa mwaka ule ningeapa kwamba jambo hili ni bure kabisa.

Ndugu yangu #1, UWAWA yako ina umri gani? Na hao wazazi uliwachagua wewe au walichaguana?

#8 Fundi Boma, saa 5:05 usiku

Mimi si mwalimu, mimi nimejenga. Madarasa niliyosimamisha Kigoma DC na Buhigwe sina idadi, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Wananchi wanapandisha boma mpaka renta. Hapo pana shangwe, kina mama na ndoo za maji kichwani, pombe ya ndizi jioni. Halafu boma linakaa, mvua mbili, tatu. Ikija ile milioni 12.5 ya kumalizia, ndipo mwalimu mkuu anageuka injinia. Ni fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kulipa fundi yenyewe bila mkandarasi, kwa hiyo kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Kwenye karatasi kazi ni yao. Kwa macho yangu, mwenyekiti wa mapokezi yuko shambani kwake kilomita 9, lori la saruji limefika saa 12 jioni, dereva anatukana anataka kurudi mjini. Nani anapokea? Mwalimu mkuu na tochi ya simu. Kesho mjumbe anasaini kwamba alihesabu mifuko.

Siku mifuko ikipungua ndipo kila mtu anakumbuka kwamba ni mali ya umma.

#9 Mwana wa Unyanyembe, Jumapili saa 1:10 asubuhi

Nawasalimu watani wa mawese. Tabora hapa, upande wa Urambo.

Naomba niwachokoze. Tatizo siyo wadau, tatizo ni walimu wakuu kung'ang'ania. Huku kwetu chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kilichangia darasa na ofisi. Chama kina karani wake, kina vitabu, kina wakaguzi, kikasema tutatunza hela sisi na kulipa fundi sisi, mwalimu kazi yako kuonyesha kiwanja. Mwalimu mkuu akagoma! Akataka hela zipite kwake. Miezi minne baadaye analalamika kwamba amechoka.

Mtu anashika funguo za stoo, funguo za ofisi, funguo za maktaba, kitabu cha wageni, mhuri kautia mfukoni mwa suruali. Halafu kazi nyingi. Si ugawe?

#10 Chaki na Vumbi, saa 1:34 asubuhi

#9 nigawe kwa nani ndugu yangu?

Shule yangu iko Kakonko. Watoto 700 na ushee, walimu sita pamoja na mimi. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mmoja anasoma chuo. Nikimpa mwalimu wa Darasa la Pili kazi ya kupokea wageni, Darasa la Pili linafundishwa na nani, mgeni?

Na kuhusu yule mwalimu mkuu wako, hakuwa na uroho. Fedha ya ujenzi wa shule ya serikali ikipita pembeni ya akaunti ya shule na darasa likapasuka ufa, barua ya kujieleza haiendi kwa karani wa tumbaku. Inakuja kwake na siku saba za kujibu. Ungekuwa wewe ungeacha?

#11 Mwana wa Unyanyembe, saa 1:41 asubuhi

Hilo la ufa umenipata, nakiri. La funguo sirudi nyuma.

#12 Kiti cha Nyuma, saa 2:25 asubuhi

Nafanya kazi halmashauri, mkoa mmojawapo kati ya hii miwili, Kigoma na Tabora. Nitasema kwa upole maana wakubwa wangu nao wanasoma humu.

Mnawaonea wananchi. Mwananchi anayeleta debe la mahindi hana fomu. Mzigo wa mwalimu mkuu ni kuandika alichofanya mwananchi. Kila kitu kina mfumo wake wa kompyuta. Fedha zinaingizwa FFARS. Manunuzi yakapelekwa NeST. Utendaji wake binafsi upo PEPMIS iliyokuja badala ya OPRAS. Takwimu za shule zina mfumo wake. Halafu kila mradi unaokuja na "ushirikiano wa jamii" unaleta fomu yake juu ya hizo, na unataka idadi ileile ya watoto kwa mpangilio wake: huyu anataka kwa umri, yule kwa jinsi, yule kwa ulemavu, mwingine kwa kitongoji. Idadi ni moja, inaandikwa mara tano.

Na shule ya msingi haina mhasibu wala karani. Sekondari nyingine angalau utamkuta mhasibu. Mwalimu mkuu wa msingi ndiye mhasibu, afisa manunuzi, mtunza stoo, na sasa afisa uhusiano. Posho ya madaraka ni ileile laki mbili na nusu tangu 2016.

#13 Hesabu Hazidanganyi, saa 2:33 asubuhi

Laki mbili na nusu ni mkuu wa shule ya sekondari na afisa elimu kata. Mwalimu mkuu wa msingi ni laki mbili.

#14 Kiti cha Nyuma, saa 2:36 asubuhi

Umeshinda. Wewe ukiwa mkaguzi tutahama wote.

#15 Chaki na Vumbi, saa 2:50 asubuhi

#12 umesema kweli lakini siyo yote. Kwangu mtandao unashika kwenye kichuguu nyuma ya vyoo vya wavulana. Hizo NeST zako nazifanyia stendi ya mjini, nauli kwenda na kurudi mfukoni mwangu. Hilo pia liandikwe.

#16 Mzazi wa Darasa la Nne, saa 4:48 asubuhi

Nimesoma mpaka hapa. Walimu mnaongea kama sisi wazazi ni mvua ya mawe iliyowaangukia.

Nina watoto wawili shule moja hapa Kigoma Ujiji. Mwaka jana nimeitwa shuleni mara nne. Mara ya kwanza mahindi, ya pili maharage, ya tatu hela ya mpishi, ya nne kuambiwa kwamba sijamaliza mahindi. Sijaitwa hata siku moja nikaambiwa mwanao anasoma hivi, anakwama hapa. Huo si ushirikiano, hilo ni deni. Na mdaiwa akija ofisini kwako lazima akuchoshe, maana wote wawili mmenuna.

Nitolee mfano. Mpishi alipoacha kazi kwa kutolipwa, sisi kina mama wa mtaa tulijipanga zamu, wawili wawili. Wiki tatu uji ulipikwa, mwalimu mkuu hakujua hata nani kawasha moto. Hiyo kazi tulimpunguzia au tulimuongezea? Alipokuja kujua akataka majina yetu, namba za simu na sahihi ya mahudhurio. Wiki ya nne nusu yetu hatukurudi.

#17 Mama wa Milimani, saa 5:02 asubuhi

#16 dada yangu, hapo umenichoma. Nami nimeshawahi kudai sahihi za mahudhurio kwa watu wanaojitolea. Niliambiwa bila sahihi hawapo.

#18 Kambare wa Katonga, saa 6:30 mchana

Mleta uzi umesema kikao cha Jumatano hakikutimia. Ngoja nikusaidie bure: Jumatano ilikuwa giza.

Asiyejua ziwa hataelewa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala na wake zao. Ukiitisha kikao cha wazazi wakati wa giza saa 3 asubuhi, baba ndiyo kwanza katoka majini, mama yuko mwaloni anaanika. Nani aje kusikiliza ajenda? Itisha wakati wa mbalamwezi uone watu wanavyojaa mpaka wanakaa dirishani.

Kalenda ya shule imetoka Dodoma na Dodoma hakuna ziwa.

#19 Mwalimu wa Mwaloni (mleta uzi), saa 7:15 mchana

Asanteni sana, nimetoka kanisani nakuta uzi umekuwa mrefu kuliko risala yangu.

#18 umenikumbusha jambo. 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 mpaka Agosti 15, nilipata vikao vizuri kuliko miaka yote. Kina baba wote wapo, wanachangia hoja, mmoja akajitolea kunirekebishia paa la stoo. Nikasema kumbe! Lakini mchango wa chakula miezi ile mitatu ulikuwa karibu sifuri, maana dagaa ndiyo hela. Wenye muda hawana kitu, wenye kitu hawana muda. Niliyebaki na kazi ya kuunganisha hizo pande mbili nilikuwa mimi na baiskeli.

#7 dada, UWAWA yangu ina mwaka mmoja na nusu. Na nakiri, wengine niliwachagua mimi, nilichukua wale wanaojua kusoma na wenye simu. Kumbe ndio haohao wako kwenye kamati ya shule, ndio haohao BMU, ndio haohao kwaya. Nikiita vikao vitatu nakutana na sura zilezile nane, zimechoka kama mimi.

#9 mhuri uko kwenye droo, siyo suruali.

#20 Msomi wa Mbali, saa 8:40 mchana

Mada nzuri. Niongeze la nje kidogo. Marekani wana aina ya shule wanazoziita shule za jamii. Ndani ya shule kuna kliniki, chakula, masomo ya jioni, mashirika kibao. New York walianza kuzipanua mwaka 2014. Kitu kimoja wanachokisisitiza: kila shule inakuwa na mratibu wa kudumu, analipwa, kazi yake ni hao wadau tu. Mwalimu mkuu anabaki na masomo na walimu. Kwa hiyo labda swali siyo wadau wazuri au wabaya, ni nani kaajiriwa kuwashughulikia.

#21 Mgebuka Mkavu, saa 8:44 mchana

Mratibu wa kudumu! Huku mlinzi tu tunamlipa kwa mahindi.

#22 Kiti cha Nyuma, saa 9:03 mchana

#20 sisi tulikuwa na cheo chenye neno hilohilo, Mratibu Elimu Kata. Akawa Afisa Elimu Kata, akapewa pikipiki na shule zote za kata. Yeye ndiye anayemletea mwalimu mkuu barua za wadau. Umeona mzunguko wake.

#23 Bibi Mawese, saa 10:20 jioni

Jamani mnazunguka kichaka. Semeni siasa.

Baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016 mwananchi aliambiwa usitoe kitu. Januari 2018 ikaja amri ya juu kabisa, michango marufuku, mwalimu asiguse hela ya mzazi, anayetaka kuchangia aende kwa mkurugenzi. Sawa. Lakini waraka wa elimu wa mwaka huohuo wa 2016 unasema chakula cha mtoto wa kutwa na sare ni juu ya mzazi. Sasa mwalimu mkuu anatakiwa aongeze ufaulu, watoto wale mchana, jamii ishiriki, na asichangishe. Mwanzoni mwa mwaka anaambiwa shirikisha wazazi. Diwani akisikia kelele anapanda jukwaani: nani kawaambia mtoe hela?

Namfahamu mwenzetu, simtaji wala wilaya yake. Wazazi walikaa kikao, wakakubaliana 500 kila mtoto kwa karatasi za mtihani wa majaribio. Muhtasari upo, sahihi zipo. Mzazi mmoja ambaye hakuhudhuria akapiga simu kwa mtu. Wiki ile ile mwenzetu alivuliwa ukuu. Wale waliosaini muhtasari hakuna aliyekwenda kumsemea.

Toka siku ile walimu wakuu wa tarafa nzima wanaandika kila kitu mara tatu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe inayowachosha, #12, siyo mfumo. Ni woga.

#24 Mtaaluma Mstaafu, saa 10:51 jioni

#23 umeongea kama aliyekuwa ndani. Ila 2018 baada ya amri, wakubwa walifafanua kwamba hiari haijakatazwa, kinachokatazwa ni kumrudisha mtoto nyumbani na mwalimu kushika fedha. Shida ni kwamba amri ilifika kijijini kwa redio na ufafanuzi ulifika kwa barua.

#25 Mwana wa Unyanyembe, saa 11:08 jioni

Nyie angalau Kigoma mmo kwenye ile mikoa 9 ya Shule Bora, mradi wa elimu wa wafadhili, sisi Tabora hatumo. Zamani kwenye EQUIP-Tanzania, mradi uliotangulia, tulikuwa pamoja. Walimu wakuu wa huku wanawaonea wivu kwa hao wageni mnaowalalamikia.

#26 Chaki na Vumbi, saa 11:12 jioni

Njoo uchukue wawili. Nakupa na soda zao.

#27 Mgebuka Mkavu, saa 11:30 jioni

Samahani kutoka nje ya mada, #18 dagaa wa Katonga sasa hivi kilo ni bei gani?

#28 Kambare wa Katonga, saa 11:33 jioni

Giza halijaisha, subiri wiki ijayo ndipo uulize. Njoo kisandukuni.

#29 Mwalimu wa Mwaloni (mleta uzi), Alhamisi saa 2:47 usiku

Narudi na mrejesho.

Nimefanya vitu viwili. Kwanza kikao cha chakula nimekisogeza mpaka mbalamwezi. Mtendaji kauliza kwa nini, nimemwambia sababu za kiufundi. Pili, kitabu cha wageni na kazi ya kuzunguka na wageni nimempa mzee mmoja, fundi nyavu mstaafu, mjumbe wa kamati, anajua Kiswahili cha kupokea watu kuliko mimi.

Jumanne wamekuja watu wa mradi mwingine. Mzee kawapokea vizuri, kawaonyesha vyoo, bustani, matanki. Nikawa darasani, sehemu za desimali, raha tupu. Dakika 20 hazijaisha nasikia hodi. "Mwalimu, wanasema wanashukuru lakini lazima wamwone mwalimu mkuu, fomu ina mstari wa jina lake."

Nimeenda kusaini. Nimerudi kengele imelia.

#30 Mama wa Milimani, saa 3:05 usiku

Dakika 20 ni mwanzo. Mimi nilianza na tano.

#31 Mzazi wa Darasa la Nne, saa 3:16 usiku

Huyo mzee fundi nyavu mnamlipa?

#32 Mwalimu wa Mwaloni (mleta uzi), saa 3:22 usiku

Bado. Ametaka mjukuu wake wa Darasa la Sita afundishwe desimali jioni. Nimekubali, nimeongeza kwenye kidaftari.